Kabla hujanunua mfuko wa urea, pima udongo

Hapa Mbozi mahindi yakipauka, wengi tunakimbilia urea, mbolea ya naitrojeni. Pengine ni sahihi: majani ya chini yakigeuka manjano kwa umbo la V kuanzia nchani, mmea una njaa ya naitrojeni. Lakini chunguza na majani machanga. Ukiona utepe mpana mweupe upande huu na huu wa uti wa kati, huku kingo zikibaki kijani, kilichopungua ni zinki. Urea peke yake haitaliponya shamba hilo.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu upungufu huo hauishii shambani. Punje iliyokua kwenye udongo maskini wa zinki nayo huwa na zinki haba, na punje hiyo ndiyo ugali na uji wa watoto wetu. Zinki ni ile ile wanayopewa zahanati pamoja na ORS wakiharisha, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, au 10 kwa walio chini ya miezi sita. Mtoto anaihitaji ili akue na ashindane na maradhi.

Finland walikuwa na tatizo la namna hii kwa madini ya seleniamu. Mwaka 1984 wakaamua kuyatia kwenye mbolea nchi nzima, na kiwango chake kikapanda kwenye nafaka, kwenye maziwa, hadi kwenye damu ya watu. Si kila upungufu hutibika hivyo, maana upungufu wa damu, kwa mfano, mara nyingi huletwa na malaria au minyoo.

Kwa hiyo pima. Sisi wa huku tuna TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, na SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kule Morogoro, wanapima pia. Chimba sentimita 20 sehemu mbalimbali za shamba kwa kwenda zigizagi, ukikwepa vichuguu, njia na mahali palipolundikwa samadi. Tumia ndoo ya plastiki. Ndoo ya bati imepakwa zinki na itaharibu majibu, na mfuko uliobeba mbolea usiuguse kabisa. Changanya udongo wote vizuri, chukua kama nusu kilo, uanike kivulini.

Majibu yakitoka, angalia kwanza pH, yaani kipimo cha asidi ya udongo: ikishuka, asidi imezidi. Ikiwa chini ya 5.5, fosfeti nyingi ya mbolea unayonunua inanaswa na chuma na aluminiamu vilivyomo udongoni kabla mizizi haijaifikia, hivyo zungumza na bwana shamba kuhusu chokaa ya kupunguza asidi. Asidi hiyo hiyo husaidia kuyeyusha mbolea ya fosfeti ya mawe ya Minjingu, ndiyo maana mimi naipenda kwa mashamba yetu. Chokaa nayo usizidishe, maana pH ikipanda mno zinki hufungwa. Zinki ikionekana pungufu, salfeti ya zinki hutiwa kidogo tu kwa ekari, kwa kipimo utakachopewa na maabara.

Na mabua, tafadhali, msiyachome. Naitrojeni na salfa yake huishia hewani, nasi tunarudi dukani kuzinunua upya.