Kiangazi, Kamba ya Chemka na Mkono Wangu wa Kulia

Juzi kijana mmoja wa Ngarenaro, Arusha, kaniandikia. Anacheza sarakasi, ana miaka 17, na anasema ananifuatilia tangu enzi zile napanda viti sita kwenye sherehe. "Kaka, mwezi wa kwanza huu shoo hakuna, jua kali, nyumbani nimechoka kukaa. Wewe huwa unatoka kwenda wapi? Nielekeze na mimi niwe kama wewe."

Niwe kama wewe! Nilicheka peke yangu jikoni mpaka ugali ukataka kuungua. Mdogo wangu, nitakujibu, ila jibu lenyewe linapitia Chemka, ile chemchemi ya kuogelea huku kwetu, na habari ya Chemka siwezi kuisimulia kwa kifupi.

Kwa asiyenijua, mimi ni mwanasarakasi wa Moshi. Nimezaliwa Pasua, kwetu kwa asili ni Uru. Kazi yangu ni viti: unapanga kiti juu ya kiti, unapanda navyo, ukifika juu kabisa unasimama kwa mikono, miguu hewani, na watu wanaacha kula. Nilianza nikiwa shule ya msingi, tunabiringita kwenye majani, mkeka hatuna. Treni ya abiria kutoka Dar iliporudi Moshi Desemba 2019, baada ya kukosekana miaka mingi, mimi na wenzangu watatu tukawa tunakwenda stesheni kila inapoingia. Watu wanateremka na mabegi, wamechoka, sisi tunawapigia samasoti. Mama mmoja mwenye kiroba cha nazi alitupa elfu tano. Ndiyo posho yangu ya kwanza, na mpaka leo sijapata shoo iliyonifurahisha kuliko ile.

Sasa elewa kitu kimoja kuhusu Desemba ya huku. Wachaga wanarudi nyumbani. Barabara inajaa magari ya Dar, nauli zinapanda, na kila kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, kina shughuli: kipaimara, sendofu, mahari, harusi, ndafu. Msanii wa Moshi akikosa Desemba, mwaka wake umeisha vibaya hata kama Juni alikuwa anang'aa. Desemba mwaka juzi kundi letu lilikuwa na shoo 11 zilizolipiwa kianzio. Kumi na moja! Nilishapiga hesabu ya pikipiki.

Katikati ya mwezi tukapata Jumapili ya mapumziko, tukaenda Chemka.

Kama hujawahi kufika: unapanda daladala mpaka Boma Ng'ombe, ukishuka unachukua bodaboda inayokukatisha kwenye nchi kavu, miiba na vumbi tupu. Unafika nyusi nyeupe kama mzee. Unaanza kujiuliza nani amekuroga uje huku, halafu ghafla unaona miti imesongamana, unaingia kivulini, na maji yale hapo. Rangi yake si buluu wala si kijani, na chini unaona kila jiwe. Jina linadanganya kidogo, maji hayachemki, ni vuguvugu tu. Ukikaa umetumbukiza miguu, visamaki vinakuja kudona nyayo. Mizizi ya mikuyu imetambaa mpaka ndani ya maji, na kwenye mti mmoja imefungwa kamba ya kurukia.

Ile kamba.

Watu walikuwa wengi siku hiyo, wakiwemo wazungu kama kumi na dada wawili kutoka Dar ambao, sitaki kusema uongo, niliwaona mapema. Mwenzangu akasema, "Waoneshe." Nikashika kamba. Nilitaka kupiga samasoti ya nyuma mara mbili kabla sijagusa maji, kitu ninachokifanya sakafuni nikiwa usingizini.

Lakini kamba si sakafu. Kamba ina mwendo wake: inakupeleka mpaka mwisho, pale inasimama kidogo, kama inavuta pumzi, halafu inarudi. Unaachia pale inapovuta pumzi. Kabla ya hapo bado, baada ya hapo umechelewa. Mimi nilikifikia kile kituo kidogo, vidole vikaanza kufunguka, nikasikia kutoka ukingoni, "Subiri, subiri, sijawasha!"

Simu. Mwenzangu alikuwa hajabonyeza kurekodi.

Nikasubiri. Huwezi kuamini, mtu yuko hewani anamsubiri mpiga video. Kamba ikaanza kurudi, mikono imelowa, ikateleza, nikaanguka upande wa ukingo. Nikautanguliza mkono wa kulia, ukafikia kwenye mzizi. Mlio wake sikuusikia, nilisikia tu watu wamenyamaza. Na kwa taarifa yako, wakati huo ndipo simu ilikuwa imewaka. Ile video ipo. Wamenitumia zaidi ya watu ishirini.

Daktari akanionyesha kwenye picha kifupa kidogo chini ya dole gumba, chenye umbo kama la mashua. Akasema hicho ndicho huvunjika mtu akijikinga na kiganja, na kwamba damu inakifikia kwa shida, kwa hiyo hupona taratibu kuliko mifupa mingine. Nikafungwa muhogo, yaani plasta ngumu, wiki kumi. Hebu fikiria mtu ambaye kazi yake ni kusimama kwa mikono anaambiwa hivyo tarehe 16 Desemba.

Shoo 11 zikafanyika bila mimi. Kwenye viti alipanda dogo niliyemfundisha mwenyewe, niliyemshika kiuno miezi minane ili asianguke. Simlaumu. Nilimlaumu, sasa simlaumu. Muhogo ulipotolewa nikarudi mazoezini, kiongozi wa kundi akaniambia kwa upole kabisa, "Wewe kwa sasa utakuwa unampa viti." Nimpe viti! Nilimpa kwa shoo mbili. Ya tatu sikutokea, na hakuna aliyenipigia simu kuuliza niko wapi. Hilo ndilo linaloniuma, kuliko mkono.

Basi, mdogo wangu, ushauri wangu ni huu: ukienda matembezini, usanii uuache nyumbani. Nenda kama mtoto wa mtu, si kama mtumbuizaji. Na simu usiitoe.

Sehemu zenyewe sasa. Mimi kiangazi napenda kupanda Uru kwa bibi. Mjini joto linakausha mate, ukipanda kidogo tu kuelekea mlimani unakuta ubaridi, migomba, kahawa chini ya migomba, na mfongo, yaani mfereji wa asili, unapita nyuma ya nyumba na maji ya mlimani. Bibi hana habari na viti vyangu. Ananipa kiburu, ndizi na maharage, kwenye bakuli la bati na kuniuliza kwa nini nimekonda. Kutoka kwake natembea mpaka maporomoko ya Materuni. Njia inapita ukingoni mwa bonde, unakutana na watoto wanauza parachichi, halafu unasikia maji kabla hujayaona. Ni baridi ya kukata meno, hata Januari. Ukirudi kijijini unawakuta wanatwanga kahawa kwa ajili ya wageni, wanaimba na kupiga makofi, mchi unakwenda na wimbo. Msanii yeyote akae pale asikilize. Mzee anayetwanga hapotezi mpigo hata akiwa anamjibu mtu swali. Mimi nimefanya mazoezi miaka mingi na bado nahesabu kwa sauti.

Kuna msitu wa Rau, karibu kabisa na mjini. Azima baiskeli, ingia asubuhi, utakuta mbega juu ya miti na ukitokea upande wa pili ni mashamba ya mpunga. Amka mapema, kwa sababu saa moja asubuhi Kibo, kilele cha Kilimanjaro, yote iko wazi na theluji yake, mita 5,895, na ikifika saa nne mlima umeshajifunika mawingu, umebaki kuambiwa tu kwamba upo. Ziwa Chala nimekwenda mara moja, kule Rombo mpakani na Kenya. Zuri, ila kuteremka mpaka majini na kupanda tena ni adhabu. Na wewe wa Arusha huna hata sababu ya kulalamika, unalo Ziwa Duluti pale Tengeru. Zunguka taratibu na chupa yako ya maji. Simu iache.

Nasema simu iache kwa sababu nawaona. Vijana wa sanaa tumekuwa watu wa ajabu. Mtu anafika kwenye maporomoko, anatoa kipaza sauti. Anakula ndizi nyama, anairudia mara tatu mpaka nyama inapoa. Amelala kwenye nyasi na bado anacheza nafasi ya mtu aliyelala kwenye nyasi! Utapumzika lini? Mwili wako ndiyo duka lako, ndiyo shamba lako, na unautumia bure kuwafurahisha watu ambao hata nauli ya kurudia hawakupi. Mheshimu Mungu aliyekupa hiyo mikono. (Mama akisoma hapa atasema hatimaye. Mama, shikamoo.)

Siongopi, si kwamba mimi nimepona huo ugonjwa. Mwaka jana, kwa bibi, nilisimama kwa mikono kwenye jiwe kubwa kando ya mfongo, nikakaa mpaka nikahesabu sitini. Aliyeniona ni mbuzi peke yake, kwa hiyo haihesabiki. Nilitaka tu kujua kama kile kifupa kinanikubali. Kinanikubali, ila asubuhi za baridi za Juni kinanikumbusha.

Sasa hivi nafanya kazi na dada mmoja wa Majengo, wawili tu, viti vinne. Desemba hii iliyopita tumepata shoo saba, pikipiki bado, lakini hatumpi mtu viti, tunapeana.

Wiki mbili zilizopita nilirudi Chemka, mara ya kwanza tangu siku ile. Nilinunua chipsi mayai, nikakaa kwenye mzizi, pengine ule ule, miguu majini, visamaki vinafanya kazi yao. Akaja kijana simjui, mwembamba, akashika kamba. Nikataka kumwambia kitu, nikanyamaza. Akaenda mpaka mwisho, akaachia pale pale inapovuta pumzi, akazunguka mara mbili, akaingia majini kama sindano. Watu wakapiga makofi na mimi nikapiga, kisha nikamalizia chipsi zangu.