Maswali ya wafugaji: sindano imetangulia tena

Punda wangu wa mkokoteni amevimba chini ya taya na anatoka makamasi mazito. Nimemdunga OTC (oksitetrasaiklini, dawa ya bakteria) siku mbili, uvimbe uko palepale. (Igunga)

Naulizwa hili mara kwa mara, na kila mara sindano imeshatangulia. Dalili hizo ni za Streptococcus equi, bakteria anayesumbua farasi na punda. Jipu likishaanza, dawa mara nyingi hulichelewesha tu kuiva. Likande kwa maji ya moto, na likilainika bwana mifugo alipasue. Akihema kwa shida, usingoje liive: mwite mtaalamu saa hiyohiyo, na dawa inayotegemewa ni pensilini, si hiyo OTC mnayodunga hata mbuzi akichechemea.

Hukuuliza kuhusu wenzake. Mtenge, na ndoo yake isiguswe na mwingine. Waliokuwa naye wapime joto kila asubuhi, kwa kuwa homa hutangulia siku moja au mbili kabla mnyama hajaanza kuambukiza. Na akipona usimkimbize mnadani. Wengi huendelea kutoa vimelea kwa wiki kadhaa, wachache kwa miezi, vikiwa vimejificha nyuma ya koo.

Chuchu moja ya ng'ombe inatoa maziwa yenye mabonge, nimeshamdunga. Nikiyachemsha, mteja atajua? (Urambo)

Hatajua, ndiyo maana nakwambia wewe. Moto unaua bakteria, dawa inabaki. Mwaga, uhesabu siku zilizoandikwa kwenye chupa kuanzia sindano ya mwisho, si ya kwanza. Mgonjwa akamuliwe mwisho, na kila ng'ombe awe na kitambaa chake: Streptococcus agalactiae anaishi ndani ya kiwele na husafiri kwa mikono ya mkamuaji. Pensilini humweza vizuri, ila mkiona maziwa yametakata siku ya pili mnaacha, kisha mnaniandikia kwamba dawa ni feki.

Dawa gani nzuri ya mifugo? (Nzega)

Mfugo gani, na unaumwa nini?

Nguruwe wawili wamekufa ghafla wakitetemeka. Mmoja tumempasua tugawane nyama. Kuna ubaya? (Sikonge)

Upo. Msile, msiuze. Mwiteni afisa mifugo kabla ya kufukia, maana hata homa ya nguruwe huua ghafla. Lakini kinachonitisha ni Streptococcus suis: huingia kwa mtu kupitia mkwaruzo mkononi, huleta homa ya uti wa mgongo, na wengi wanaopona hubaki viziwi. Aliyeshika kisu akipata homa, kichwa kikauma na shingo ikakaza, aende hospitali siku hiyohiyo na amwambie daktari alipasua nguruwe mgonjwa.