Swali: Kuilaumu serikali kwa shida za korona ni kukufuru?

SWALI: Asalaam alaykum sheikh wangu, mimi nilikua weita hoteli moja Diani, 2020 korona ilipoingia tukapigwa kalamu wote na hadi leo sijasimama vizuri, madeni tu. Nikikaa barazani nailaumu serikali na mara nyengine nawalaani kabisa. Jamaa mmoja kaniambia nakufuru maana ile ilikua qadari, mipango ya Allah. Ni kweli?

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu, Allah akufungulie. Hujakufuru, jamaa yako kachanganya mambo. Maradhi ni qadari, sawa, na ndege zilisimama dunia nzima, hata Hija mwaka ule walihiji watu kama elfu moja tu tena walioko Saudia tayari, sasa gavana utamuuliza vipi kwa nini Mtaliano hakuja.

Lakini qadari haimfutii kiongozi hesabu yake. Sayyidna Umar, khalifa wa pili, tauni ilipoingia Sham (upande wa Syria) aligeuza njiani, Abu Ubayda aliyekua kamanda wake huko akamuuliza unakimbia qadari ya Allah? akamwambia ndio, tunakimbia qadari ya Allah kwenda kwenye qadari ya Allah. Na ukame ulipopiga Madina, ule Mwaka wa Majivu, mvua hakuizuia yeye lakini samli alikataa kuila mpaka watu waipate, hakusema ni Mungu huyu halafu akaenda kula zake.

Kwa hivyo kafyu, na Mombasa kufungwa tangu Aprili hadi Julai, wewe unaweza kuona ilizidi na mwengine akaona ilifaa, hiyo ni rai (sisi wa Mji wa Kale tulifungiwa Ramadhani, nakwambia ilitubana kwelikweli). Pesa za barakoa na vifaa ndio habari nyengine, hizo ni amana, sakata la Kemsa, lile shirika la serikali la dawa na vifaa vya hospitali, lilifika mpaka bungeni, ukiuliza zilienda wapi huna kosa. Suratun Nisaa aya ya 148 Allah hapendi maneno mabaya yatangazwe isipokua kwa aliyedhulumiwa.

Kulaani uache, Mtume (SAW) amesema muumini si mtu wa kulaani. Na zile voisi za WhatsApp eti korona haikuwepo ilikua biashara ya wanasiasa usizisambaze, watu wamezika wazazi wao wakiwa wamesimama mbali na kaburi.

Hayo madeni kama huna cha kulipia wewe ni katika gharimina, yaani wenye madeni, Suratut Tawba aya ya 60, una haki kwenye zaka, muone imamu wa msikiti wako mapema kabla hazijagaiwa na wala usione haya.