Re: Saadani, tembo wanaingia baharini kweli?

Ndugu, umeuliza kama zile picha za wanyama ufukweni Saadani, hifadhi ya taifa ya pwani ya Tanzania, ni za kweli, na mwezi gani uende. Ni za kweli, ila usiende ukitegemea kumkuta tembo anaogelea. Wanafika mchangani mara mojamoja, wakipenda wao.

Binafsi naona utamu wa Saadani uko Mto Wami, unapokaribia kumwaga maji Bahari ya Hindi. Panda boti. Maji ya chumvi na maji baridi yanakutana pale, ndiyo maana kingo zimejaa mikoko, na humohumo unakuta viboko, mamba, na ndege kama mdiria na furukombe. Maji yakipwa, ndege wengi hushuka kula kwenye matope. Nchi kavu kuna twiga, nyati, kongoni, kuro na palahala ukibahatika. Simba wapo, ila nyasi ni ndefu, huwaoni kirahisi kama Serengeti. Msitu wa Zaraninge una mbega.

Kaskazini, ufukwe wa Madete, kasa hupanda usiku kutaga. Usiwamulike na tochi.

Miezi: epuka masika, Machi hadi Mei, udongo mweusi unanasa hata gari la 4x4. Juni hadi Septemba ni pakavu na joto limepungua. Januari na Februari pia panapitika, lakini jasho litakutoka, unyevu wa pwani si mchezo. Mbung'o nao wapo, usivae nguo za bluu au nyeusi, zinawavutia.