Futa hiyo 0.09 kabla hujalipia mashamba

Dogo, futa hiyo 0.09. Umeuliza lini tunajumlisha, lini tunazidisha, matukio huru ni yapi na "angalau moja" inatafutwaje, halafu chini ukaweka mfano wako: mashamba mawili ya mahindi Handeni, kila moja lina uwezekano wa 0.3 kukaushwa na jua, kwa hiyo yote mawili kukauka ni 0.3 × 0.3 = 0.09. Na kwa hesabu hiyo unataka kukopa! Hesabu hiyo ndiyo iliyonimaliza mimi.

Nachemsha na kuanika dagaa mchele hapa Tanga. Nilikaa ufukweni Sahare na daftari siku 30, nikiandika vyombo vitatu vya uvuvi vinarudi na nini. Kila kimoja kilirudi kitupu mara 6, yaani 0.2. Nikazidisha: 0.2 × 0.2 × 0.2 = 0.008. Haifiki hata siku moja kwa mia. Nikakopa kwenye kikundi, nikawapa manahodha wote watatu pesa ya mafuta mapema, nikanunua kuni na chumvi, nikaweka akina mama sita wa kulipwa kwa siku.

Mwezi ulipopevuka, vyombo vyote vikakosa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa haiwakusanyi tena. Mtoto yeyote wa pwani analijua hilo. Masufuria makavu, kuni zimepangwa, akina mama wamekaa chini ya mkungu wananitazama. Siku tano mfululizo. Niliwalipa, kosa halikuwa lao.

Nilipolifungua tena daftari, jibu lilikuwemo muda wote. Katika zile siku 6 chombo cha kwanza kilipokosa, cha pili kilikosa 5, na katika hizo 5 cha tatu kilikosa zote. Siku moja iliyobaki ni ya injini kuharibika, kila chombo na siku yake. Kwa hiyo hesabu ni 6/30 × 5/6 × 5/5, yaani 5/30, karibu 0.17. Mara 20 na ushee ya ile 0.008 niliyokopea!

Aliyenipoteza ni mwalimu wa twisheni: "Ukiona 'na' zidisha, ukiona 'au' jumlisha." Basi. Hakuwahi kutuambia kwamba kinachozidishwa ni uwezekano wa la pili ukishajua la kwanza limetokea. Tulilipa ada kwa nusu ya kanuni, na bado inafundishwa hivyo hivyo.

Uingereza mwaka 1999 Sally Clark alitiwa hatiani kwa kuua wanawe wawili wachanga. Daktari aliyetoa ushahidi alichukua uwezekano wa kifo kimoja cha ghafla, 1 kwa 8,543, akauzidisha kwa wenyewe, akasema vifo viwili vya ghafla katika nyumba moja ni 1 kwa milioni 73. Watoto wa tumbo moja, wanaolala nyumba moja, vifo vyao vinakuwaje matukio huru, yaani kimoja kisibadilishe uwezekano wa kingine? Hukumu ilitenguliwa 2003, mama wa watu keshakaa jela miaka mitatu na zaidi.

Mashamba yako yanategemea mvua moja, kama vyombo vyangu na mwezi mmoja. Usizidishe kabla hujauliza: la kwanza likikauka, la pili linabaki na 0.3 ile ile? Waulize wenyeji wa Handeni miaka ambayo la kwanza lilikauka, kisha hesabu katika miaka hiyo hiyo la pili lilikauka mara ngapi. Lete namba zote mbili hapa nizione kabla hujasaini mkopo.