Mcheza topeng hupandisha pepo?

Ndugu, umeuliza kama mcheza vinyago wa Java hupandisha pepo akishakivaa kinyago. Kwa topeng, yaani ngoma ya vinyago, ya Cirebon huko Java, kwa kawaida hapana. Ngoma za kupandisha zipo kule, mfano jathilan, ile ya farasi wa mianzi, ila topeng ni habari nyingine kabisa: mchezaji anatakiwa awe na akili zake zote.

Tazama anavyoanza. Uso bado mtupu, amewapa watazamaji mgongo, ameelekea sanduku la vinyago na wapigaji wa gamelan, kundi la ala za muziki za Java. Akishakitoa kinyago hakifungi kwa kamba. Kwa ndani kuna kipande cha ngozi, anakiuma kwa meno. Kwa hiyo hawezi kusema neno, anahema kwa pua, na taya likichoka kinyago kinateleza. Mimi naona uhusiano wenyewe unaanzia hapo mdomoni, kabla hatujafika kwenye mambo ya roho.

Panji, mhusika mtulivu, ndiye mtihani. Kinyago cheupe, macho yameinama, mwili hausogei sana huku gamelan ikivurumishwa kwa kasi. Baadaye mchezaji yuleyule anavaa Klana, mwekundu, mfalme mwenye tamaa, na sasa anatamba ukumbi mzima.

Wachezaji wengi hufunga saumu na kuomba dua kwanza; ni Waislamu, na hawaoni mgongano wowote. Mtafute mcheza topeng Mimi Rasinah (“Mimi” kwao ni “mama”) wa Indramayu, Java, aliyefariki 2010. Alipata kiharusi uzeeni na bado akacheza.