Nyufa zinazofuata nondo: ni tabianchi au ni ujenzi?

Swali: Nguzo za jengo letu la miaka 30 zina nyufa zinazopanda kufuata nondo, na maji ya kutu yanachuruzika. Fundi anasema ni mabadiliko ya tabianchi. Ni kweli?

Jibu: Kwa sehemu tu. Zege zima lina alkali kali, pH 12.5 hadi 13, inayoivika nondo utando mwembamba wa kuzuia kutu. Hewa ukaa hupenya vitundu vya zege na kuigeuza chokaa yake kuwa kalisi kaboneti. pH ikishuka chini ya 9, utando huo hutoweka. Kutu hujaza nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndipo zege linapopasuka.

Hewa ukaa angani ilikuwa kama sehemu 315 kwa milioni mwaka 1958. Sasa imepita 420. Kwa zege lilelile, tofauti hiyo huongeza kina cha upenyaji kwa asilimia 15 hivi. Kinachoumiza zaidi ni kiangazi kirefu kikifuatwa na mvua kubwa: zege kavukavu huiruhusu hewa ukaa kuingia, kisha maji huileta kutu, na joto huiharakisha.

Lakini pimeni kabla ya kuilaumu hewa. Bandueni kipande kipya cha zege, pulizeni vumbi, nyunyizieni fenofthalini (dawa ya kupimia alkali) ya asilimia 1 iliyoyeyushwa kwenye spiriti. Panapogeuka waridi, alkali ingalipo, pasipobadilika, imekwisha. Tuseme pasipo rangi ni milimita 20 kwa miaka 30. Kina hakiongezeki sawasawa kila mwaka: milimita 40 zingechukua miaka 120, si 60. Kwa hiyo kava (unene wa zege linalofunika nondo) ya milimita 15, kwa sababu biskuti za kushikilia nondo zilisahauliwa au zege lilitiwa maji mengi ili limwagike kirahisi, ina lawama kubwa kuliko anga.

Pakigeuka waridi hadi kwenye nondo na bado kuna kutu, shukuni chumvi. Kipimo hiki hakiioni.

Msipake lipu juu ya nyufa, itafunika tu kutu inayoendelea. Mhandisi apange kwanza jinsi ya kuegemeza mzigo wa nguzo. Kisha zege bovu lichimbwe mpaka nyuma ya nondo kwa milimita 20 hivi, chuma kisuguliwe hadi king'ae, zilizoliwa sana ziongezewe nondo mpya, ndipo pajazwe mota ya ukarabati na kumwagiliwa maji siku saba.